Taji la Miguu Mitatu

Nchi yenyewe msiniulize iko wapi. Kuitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambazo karani wake hana msiba, na karani huyo ana ukoo mkubwa. Ninachoweza kusema ni kwamba ina bendera, ina wimbo, na ina Rais ambaye cheo chake kamili ni Mtukufu wa Maisha na Baada ya Hapo. Raia wanampenda. Wasiompenda wamehamishiwa mahali ambako upendo unafundishwa.

Kwenye kona ya nchi hiyo kuna mji mdogo uitwao Kisimachungu, ndiko kwetu. Mgeni akipita pale wakati wa chakula akamsikia mama anawaita watoto, atadhani inasomwa taarifa ya maafa: "Kodi, Ukame, Mafua, Sensa, njooni mle." Mimi mwenyewe naitwa Nzige. Mwanangu wa kwanza ndiye huyo Sensa. Alizaliwa siku makarani wa serikali walipokuja kutuhesabu, wakamhesabu kabla sijamaliza kumzaa.

Haya si majina. Ni vishikizo tu, kama kijiti unachochomeka shambani kuonyesha kwamba hapa pamepandwa kitu. Kisimachungu jina la kweli la mtoto huchaguliwa na mama wakati wa mimba, naye hulifungia mdomoni bila kumwambia mtu, hata baba. Siku ya saba mtoto huogeshwa mapajani, maji yakamwagikia kwenye karai la shaba la mji, na juu ya maji yale mama hulisema jina kwa mara ya kwanza. Maji yakimwagwa mlangoni, basi, mtoto kafika duniani.

Karai ni hilo moja. Dogo, zito, lina miguu mitatu mifupi na masikio mawili ya kushikia. Lina pia kazi ya kwanza, kabla ya hiyo ya kuogesha: ndilo linalobeba kondo la nyuma kwenda kuzikwa. Bibi wa mtoto hulifunika kwa kanga, akajitwika kichwani, akapita nalo njiani, na kila mtu anayekutana nalo hugeuka akampa mgongo, kwa sababu ule ni mzigo wa siri ya mwanamke na hautazamwi. Watoto wetu hujua kugeuka kabla hawajajua kusalimia, hata siku hizi ambapo mzigo huo hupita ndani ya chungu tu, kwa sababu nitakayoisema.

Mtauliza: karai likipotea, si mnunue jingine? Na mimi niliuliza, nikiwa msichana mjuaji. Nikaulizwa kama mama yangu akiibwa nitakwenda sokoni kutafuta mwingine.

*

Liliibwa hivi. Zamani hizo wanajeshi wa Nchi ya Theluji walikuja kutuletea amani. Amani yenyewe ilikuwa nzito, ilibidi ivutwe na farasi, na kila ilipofyatuliwa nyumba zilianguka. Walipomaliza kuituliza Kisimachungu waliichoma moto, nadhani ili waione vizuri.

Kapteni wao alikuwa na shida. Mfalme wa Theluji alikuwa na ukumbi ambamo alitundika taji la kila kabila aliloliletea amani, na sehemu yetu ukutani msumari ulikwisha kupigwa. Kapteni akauliza taji la chifu liko wapi. Wakamwambia hawana chifu. Wakigombana huamuliwa na yeyote ambaye siku hiyo hajachoka. Kapteni hakuamini. Mtu aliyezoea kuamrishwa hawezi kuelewa kwamba kuna watu hawana wa kuwaamrisha. Akapekua nyumba mpaka akafika kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kujifungua, na nyuma ya kitanda akakiona alichokuwa akikitafuta: chombo cha shaba, pembe tatu juu, ukingoni madoa ya damu.

Lilikuwa limefudikizwa likauke. Hivyo tu. Lilikuwa limetoka kwenye kazi ya kwanza, linasubiri ya pili, na sisi wenye akili vyombo vyetu tukishaviosha huvifudikiza. Bibi alikuwa ameliosha haraka, milio ya bunduki imeshaanza kusikika, na damu iliyobaki ukingoni ilikuwa yake, iliyomwagika kwa kazi ya halali. Mtoto aliyezaliwa ni mama yangu. Hakufika siku ya saba akiwa na karai. Wakamwita Moshi, kwa sababu ndicho kilichokuwepo.

Huko Theluji likatundikwa kwenye msumari wake, na chini likabandikwa maandishi: *Taji la vita la chifu wa Kisimachungu. Pembe tatu. Madoa ya damu yaonyesha kafara ya binadamu.* Wataalamu wakalichunguza. Wakathibitisha kwamba damu ni ya binadamu kweli. Wakaandika vitabu kuhusu ukatili wetu, na baadhi ya vitabu hivyo vikaletwa shuleni kwetu kama msaada.

*

Sasa, watu wa Theluji kila baada ya muda mrefu hushikwa na aibu. Ni ugonjwa wa msimu, hauwaui. Safari hii ulipowashika walitangaza kwamba wataturejeshea lile taji, maana haki ni haki. Mtukufu akatuma ujumbe mkubwa kwenda kupatana nao, na ujumbe ukakaa huko mpaka wengine wakazaa.

Waliporudi walikuja na mkataba wa Kuazimwa kwa Kudumu. Yaani mwizi wa kuku wako anakuletea kuku wako mlangoni, anakwambia nakuazima, umlishe kama nilivyomlisha, na ukimchinja nitakushtaki. Taji liwekwe kwenye baridi kama ya kwao. Lisiguswe na maji. Lioneshwe kwa namna yake ya asili, yaani pembe juu. Na kifungu cha mwisho: ikigundulika kwamba kitu kilichorudishwa si taji, basi kilichorudishwa sicho kilichokubaliwa, na kirudi kilikotoka siku hiyo hiyo.

Mtukufu alitia saini kwa kalamu waliyomletea, nayo kalamu wakaondoka nayo.

Ukajengwa mara moja Ukumbi wa Baridi katika mji mkuu. Ulihitaji umeme mwingi, ukachukuliwa wa hospitali ya wazazi, kwa kuwa wazazi wamezoea joto. Walinzi wakapewa makoti ya manyoya. Shuleni watoto wakafundishwa maana ya zile pembe tatu, Ulinzi, Utii na Ushuru, na aliyezitaja kwa mpangilio mwingine alirudia darasa.

Waziri wa Urithi aliyesimamia yote haya ni Mheshimiwa Daktari Gharika. Kwa jina tu mmeshajua anatoka wapi. Alizaliwa mwaka wa mafuriko, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tumecheza naye matopeni. Alikuwa na kichwa chepesi, akapata nafasi ya kusoma Nchi ya Theluji, akarudi na shahada kubwa kabisa. Utafiti wake ulihusu Taji la Kisimachungu, chanzo cha madaraka na umwagaji damu.

*

Mama yangu aliposikia karai limefika nchini aliomba apelekwe.

Niseme jambo moja ili mnielewe. Mama alikuwa na jina lake. Bibi, alipokuwa anakata roho, alimwinamia sikioni akampa lile alilomchagulia tumboni, akamwambia ni amana, asilitamke mpaka siku atakapokuwa na maji ya karai. Mama amekaa nalo maisha yake yote. Ameolewa nalo, amezaa nalo, ameugua homa mpaka ameweweseka, na hata kwenye kuweweseka hakulitoa. Sasa miguu imekufa, macho yanakwenda, na kitu kimoja tu anakitaka kabla hayajaisha: alisikie jina lake kwa masikio yake. Nilikuwa nikimlaza usiku namwona anachezesha midomo, analijaribu bila sauti.

Tukaenda kwa Gharika, mimi, mama kwenye kiti chake cha magurudumu, na Mashavu na Kibibi, wakunga wawili wa mji waliofundishwa na mama. Mimi pia ni mkunga, wa chuo. Ofisi yake ilikuwa na zulia nene kiasi kwamba kiti cha mama kilikwama, ikabidi tukibebe.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," Gharika akasema.

"Marahaba, Gharika. Umenenepa."

Mashavu hakungoja. Akamuuliza kama anajua kile kitu ni nini. Gharika akaufunga mlango, akafunga na dirisha, akarudi akakaa. Akasema anajua. Akasema mama yake mzazi alimsimulia kabla hajaota meno. Ila Profesa wake kule Theluji alikuwa anataka taji, na mwanafunzi hampelekei Profesa karai. Akaandika taji. Shahada ikaja kwa taji, uwaziri ukaja kwa shahada, nyumba ikaja kwa uwaziri. Sasa yote yamesimama juu ya miguu ile mitatu.

"Nikisema ni karai," akasema, "kifungu cha mwisho kinalibeba kesho asubuhi. Mnataka hivyo? Dada Nzige, wewe mtu wa chuo, waambie."

Hapo alitushika. Tukimwaibisha tunalipoteza.

Akatupa mpango. Mtukufu ameamua kulivaa mbele ya taifa, Siku ya Urejesho, uwanjani, Balozi wa Theluji akiwepo. Wanawake wa Kisimachungu tumealikwa kulipokea taji letu kwa nyimbo. Tuje, tuimbe, tunyamaze kuhusu mengine. Na mtu asicheke. Shughuli ikiisha, kabla halijarudishwa kwenye baridi, atampa Mama Mkubwa saa moja peke yake na karai na maji, na Balozi hatajua.

"Mtukufu analivaa?" Kibibi akauliza. "Kichwani?"

"Kichwani."

"Unajua hilo likipita kichwani huwa limebeba nini."

Gharika akatazama zulia. Akasema kwamba alijaribu kupendekeza libebwe kwenye mto wa hariri, lakini Mtukufu alimjibu kuwa taji lisilo na kichwa ni sufuria.

Mama ndiye aliyeamua. Akasema ameshika mdomo wake tangu kuzaliwa, siku moja zaidi haimshindi. Kisha akatugeukia sisi watatu, wenye midomo ambayo hakuiamini.

*

Basi tukafanya mazoezi ya kutocheka. Msidharau, ni kazi. Jioni tulikusanyika uani, mmoja akavaa sufuria kichwani na kusema "Ndugu wananchi," na wengine tukamtazama usoni mpaka amalize hotuba. Mwanzoni Mashavu alianguka chini kila mara. Mwisho tukawa kama mawe. Kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi ni migongo, maana hakuna aliyeikumbuka. Mtu hakumbuki anavyopepesa macho.

Siku ya Urejesho uwanja ulijaa. Wafanyakazi wa serikali walikuja kwa hiari yao, na majina ya waliokuja kwa hiari yaliandikwa mlangoni. Sisi wanawake wa Kisimachungu tulipangwa mstari wa mbele, kanga za sare, mama kwenye kiti chake katikati. Kwenye jukwaa walikaa mawaziri, majenerali, na Balozi wa Theluji, mtu mrefu mwenye adabu sana, ya yule anayekukanyaga akakuomba radhi kabla hajanyanyua mguu.

Mshereheshaji akatangaza kwamba shujaa amerejea. Bendi ikapiga. Mtukufu akatokea.

Karai lilikuwa kubwa kidogo kwa kichwa chake, ikabidi ndani lipachikwe sponji ya godoro. Miguu mitatu ilielekea mbinguni. Masikio ya kushikia yalimkaa juu ya masikio yake mwenyewe, akawa na manne, na yote hayakusikia. Akatembea taratibu, shingo imekaza, kila hatua kama anavuka mto kwa mawe.

Hatukucheka. Naapa. Tulifanya vibaya zaidi. Kwa vile karai lilikuwa kichwani na lilikuwa linatujia, miili yetu ilikumbuka yenyewe: mstari mzima wa wanawake wa Kisimachungu ukageuka, tukampa Mkuu wa Nchi migongo.

Niliona askari wanashusha bunduki mabegani, na jukwaani, ambako sasa tulikuwa tumeelekea, uso wa Gharika umekuwa rangi ya majivu. Balozi akamwinamia, akamuuliza jambo. Gharika akasema kitu cha kwanza kilichomjia, kwamba ile ni heshima ya juu kabisa ya jadi, anayopewa chifu mwenye taji.

Balozi, kwa adabu, akasimama akageuka. Ujumbe wake ukageuka. Mawaziri, kuona wageni wamegeuka, wakapigana vikumbo kugeuka. Majenerali wakageuka, jeshi likageuka kwa amri, wananchi wakageuka kwa hiari. Mtukufu wa Maisha na Baada ya Hapo akapita katikati ya uwanja uliojaa migongo. Wanasema alilia machozi ya furaha. Mimi sikuona, nilikuwa nimegeuka.

Tatizo lilikuja kwenye hotuba, tulipokwisha kuamriwa tumgeukie tena. Upepo ulivuma, taji likayumba, naye akalikandamiza kwa mikono yote miwili. Sponji ikachomoka nyuma, ikaanguka, na karai likashuka mpaka kwenye pua na kukaa.

Akaendelea. Siwezi kumnyima hilo. Karatasi haoni, akawa anakumbuka alichokumbuka, na sauti ilitoka kama ya mtu aliye kisimani: "Ndugu wananchi. Ndugu wananchi. Hakuna atakayetuondolea taji hili." Akalivuta kidogo. Halikuja. "Nasema hakuna atakayeliondoa." Akalivuta kwa nguvu. Umati ukapiga makofi. Walidhani ni sera.

*

Walimwingiza kwenye chumba cha wageni mashuhuri nyuma ya jukwaa. Daktari wake alikuwa nje ya nchi akitibiwa. Mkuu wa majeshi alipendekeza msumeno. Balozi akasema kwa masikitiko makubwa kwamba mkataba hauruhusu taji kukatwa. Ila, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, lazima akiri kwamba hakuona kifungu kinachokataza kukata kitu kingine.

Mtukufu alisikia. Ndani ya karai kulitoka mlio.

Ndipo Gharika akaja mbio uwanjani kututafuta. Hakusema karai, hakusema taji. Alisema, "Dada, njooni, limekwama," na sisi wakunga neno hilo tumeliitikia maisha yetu yote bila kuuliza limekwama nini.

Tukamkuta Mtukufu ameketi kwenye kochi. Nikaomba mafuta ya nazi, sabuni ya kipande, na maji ya uvuguvugu, mengi. Balozi akasema maji hayaruhusiwi. Gharika akabaki katikati, mkono mmoja kwa Balozi na mwingine kwangu, na hapo ikasikika kutoka ndani amri fupi kuliko zote alizowahi kutoa Mtukufu: "Maji." Balozi akasema kwamba kama ni hivyo hatashuhudia, akatoka kwenda kuandika.

Tulimlaza chali kochini, Kibibi akamshika mabega, Mashavu akawa kwenye mafuta, mimi nikashika yale masikio ya shaba. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, akisimamia kama alivyotusimamia sote tulipokuwa tunajifunza.

"Mwambieni apumue," mama akasema. "Asisukume mpaka aambiwe."

"Pumua, baba," Mashavu akamwambia. "Hivyo hivyo. Wenzako wote wamepita hapa."

Nikazungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Kidevu kilikuwa nje, ikabaki pua na paji.

"Sasa sukuma, baba."

Akasukuma. Sijui alisukuma nini, lakini alisukuma, na akatoka: mwekundu, amekunjamana, macho yamefumba, ngozi ya paji imechubuka na damu inamtiririka, mwili mzima unateleza mafuta. Akalia. Alilia vizuri, kwa nguvu, na katika kazi yetu hiyo ni dalili njema. Nikampangusa pua kwa mazoea na Kibibi akamviringisha kwenye kanga.

Karai nililiweka sakafuni. Nililiweka kama linavyowekwa, miguu chini, na maji yote yaliyomwagika usoni kwake yalikuwa yamekusanyika humo, na povu na mafuta. Likasimama imara. Tangu vita halijapata kusimama.

Gharika akalitazama, akatazama damu ukingoni. Akaanza kusema haraka, bila kututazama, kwamba ile saa moja haitawezekana tena. Kuna maji, kuna damu, Balozi anaandika, lazima lifungwe sasa hivi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Akasema tumwelewe. Akasema siku nyingine.

Mama aliniambia, "Nisogeze."

Nikamsogeza. Akainama kutoka kwenye kiti mpaka nikaogopa ataanguka, akatia mikono yote miwili ndani, akanawa uso. Mtoto anaogeshwa na mama yake, na jina linasemwa na mama yake, na mama yake yuko kaburini tangu zamani. Kwa hiyo mama alifanya yote mawili. Alijishika mashavu kwa mikono yake yenye povu, na akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya mwanamke kijana aliyelala nyuma ya mlango anasikia bunduki:

"Mwanangu, wewe ni Karamu."

Karamu. Bibi alilichagua akiwa na mimba, mwaka ambao ghala zilijaa na hakuna aliyekuwa akitarajia wageni.

Kisimachungu jina likisemwa wote waliopo huitikia. Tulikuwa watatu, sauti zetu hazikutoka vizuri. Aliyeitikia kwa sauti ni Mtukufu, kutoka kwenye kanga yake, macho bado yana sabuni. "Karibu, Karamu," alisema, kwa kuwa amezoea kukaribisha wajumbe. Nami nakiri ilisaidia.

Nikalinyanyua karai nikamwaga maji kizingitini. Yakapita juu ya viatu vya Gharika. Hakusogea. Aliuliza polepole sana, kwa sauti ya kule matopeni, "Na langu, Mama Mkubwa?"

"Lako alikuwa nalo mama yako," mama akamwambia. "Alikungoja. Ulikuwa kwa Profesa, unatetea taji."

Alisimama pale na soksi zake zimelowa. Kwa dakika hiyo nilimwonea huruma, na sipendi kuwaonea huruma mawaziri. Halafu akajipangusa uso kwa tai, akawaita walinzi walete sanduku.

Mimi nilikuwa na majina ya wanangu wanne mdomoni. Nilishafungua mdomo, naanza la Sensa. Kifuniko kikapigwa misumari.

*

Mengine mmeyasikia redioni. Taji limerudi Nchi ya Theluji kwa matibabu, na matibabu ya huko hayana haraka. Wataalamu wamelichunguza upya, na maandishi chini yake yameongezwa: *Madoa mapya ya damu ya binadamu yathibitisha kwamba kafara ingali ikiendelea.* Gharika ameandika dibaji.

Ukumbi wa Baridi bado unalindwa. Ndani hamna kitu, lakini baridi ipo, na serikali inatoza kiingilio. Wenye nguo nyepesi hupewa punguzo.

Ile heshima ya juu kabisa ya jadi imekuwa sheria. Mtukufu akipita popote, na kovu lake la kihistoria kwenye paji, kila raia humgeuzia mgongo. Anasema hajawahi kuheshimiwa hivi tangu ashike madaraka. Wananchi nao, ambao kwa kawaida huilalamikia kila sheria, hii wameipokea vizuri, na wengine huigeuzia mgongo hata picha yake ofisini.

Wiki iliyopita alitumwa kwetu afisa mmoja, kijana, kofia ya serikali kichwani, amebeba nishani kwenye kisanduku. Ni nishani ya utumishi wa siri, hivyo hakuruhusiwa kutuambia ni ya utumishi gani. Mama alikuwa kivulini mwa ukuta anachambua kunde. Afisa akasimama mbele yake, akaita, "Bi Moshi."

Mama akaendelea na kunde.

Akaita tena, kwa sauti ya kuitia viziwi. Mama akatupa kunde mbovu, karibu kabisa na kiatu chake. Kijana akanigeukia mimi niliyekuwa naanika nguo, akasema ameagizwa amkabidhi mwenyewe Bi Moshi, mkononi, na apige picha.

Nikamwambia Bi Moshi hayupo. Tulimwacha uwanjani.

Akaangalia karatasi yake, akamwangalia mama, akaangalia tena karatasi. "Sasa huyu ni nani?"

"Muulize," nikamwambia. "Lakini vua kofia kwanza."